Mvinyo wa nyumbani umegoma kuchacha? Usiongeze hamira kwanza

Umemwaga hamira jana jioni, leo asubuhi hata mswaki hujapiga umekimbilia ndoo, unakuta kimya, hakuna povu hakuna sauti, na wazo la kwanza linalokuja ni kufungua pakti nyingine umwage tena. Subiri kwanza. Mara nyingi shida sio hamira, shida ni kile ulichoimwagia ndani yake, na ukiongeza pakti ya pili juu ya tatizo lilelile hiyo ya pili nayo inalala palepale, mwisho unabaki na ndoo inayonuka mkate mbichi na bado haijachacha.

Hapa naongelea mvinyo wa matunda tunaotengeneza majumbani, nanasi, choya, ndizi, asali, zabibu za Dodoma msimu ukifika. Na hamira ni mbili, ile instant ya mkate ya pakti ya gramu 11 inayouzwa kila duka, na ile maalum ya mvinyo kama EC-1118 au 71B ambayo lazima uagize au umpate muuza vifaa. Zote ni ukoo mmoja, Saccharomyces cerevisiae, tofauti ni kwamba ya mkate inachoka mapema kilevi kikipanda, inachelewa kutulia chini, na inaacha kaharufu. Ila kwenye kuanza tu haina shida kabisa, kwahiyo mtu asikwambie ndoo yako imegoma kwa sababu umetumia hamira ya maandazi.

Ndoo iko kimya, ila je ni kweli haijaanza?

Masaa 24 ya ukimya ni kawaida. Hata 48 bado sio kesi, hasa kama uko sehemu ya baridi au ulimwaga hamira kavukavu juu ya juisi bila kuilowesha. Ikifika siku tatu nzima, masaa 72, hapo sasa ndo unaanza kutafuta mchawi.

Alafu kuna hili la mpira. Wengi tunatoboa mfuniko tunapitisha mpira wa dripu tunautumbukiza kwenye chupa ya maji, na tunakaa tunausubiri utoe viputo. Usipotoa tunapaniki. Sasa mifuniko ya ndoo zetu hizi za lita 20 haibani vizuri, gesi inapita pembeni, na mpira unaweza usitoe hata kiputo kimoja wakati ndani kunachemka. Fungua mfuniko, washa tochi ya simu, angalia: kuna ka-pete ka povu pembeni mwa ndoo? Kuna viputo vidogo vinapanda? Maganda na machicha yamesukumwa juu? Weka sikio, kunasikika kama soda iliyofunguliwa sasa hivi? Onja, utamu umepungua, kuna kitu kinachoma ulimi kidogo? Ukiona hata kimoja kati ya hivyo, imeanza, funika uondoke.

Wenye haidromita, kile kifaa kinachoelea kwenye juisi kupima sukari iliyobaki (namba inashuka sukari ikiliwa), hawana haja ya kubahatisha. Kama juzi ilisoma 1.085 na leo inasoma 1.078, inakwenda, basi, mpira useme unachotaka. Kama inasoma vilevile na juzi ndo unaendelea kusoma huku chini. Kwa kweli hiki kifaa kinanunulika na kinakuokolea sukari na matunda mengi, sijui kwanini watu wanakiacha cha mwisho.

Onyo kabla hatujaenda mbali: mpira usipotoa viputo usiende kubana mfuniko mpaka mwisho kwa selotepu na matambara na kuuziba na mpira wenyewe. Gesi ikikosa pa kutokea chombo kinapasuka, na kikiwa cha kioo mtu anaumia.

Hamira haitoi povu hata kwenye kikombe

Hii ndo rahisi kuliko zote. Chukua kikombe cha maji ya uvuguvugu, weka nusu kijiko cha chai cha sukari, nyunyiza hamira kidogo, subiri dakika 10 hadi 15. Nzima inapanda, inatoa povu, inanuka mkate. Imekaa chini kama mchanga? Imekufa, na usihangaike kuibembeleza.

Kinachoiua mara nyingi ni maji ya moto. Mtu anasikia "maji ya uvuguvugu" anaweka ya chai. Hamira inapenda kuloweshwa kwenye nyuzi 35 hadi 40 hivi, zile za mvinyo kwenye pakti wanaandika mpaka 43, ila ukigusa 55 na kuendelea umeshaipika. Kama huna kipimajoto tumia hesabu: ukiwa Dar au Mombasa ambako maji ya kawaida ni kama nyuzi 27, chukua kikombe kimoja cha maji yanayochemka changanya na vinne vya maji ya kawaida, unapata karibu 40. Ukiwa Mbeya, Njombe au Limuru ambako maji ya bomba yanauma mikono, kimoja kwa vitatu. Chovya kidole, kisikuunguze, kihisi joto tu.

Cha pili ni utunzaji. Pakti iliyofunguliwa miezi mingapi sijui, imefungwa kwa mpira wa manati, imekaa juu ya kabati la jikoni karibu na jiko, hapo hata tarehe ya kwenye lebo haina maana tena, maana ile tarehe ni ya pakti ambayo haijafunguliwa. Hamira iliyofunguliwa inakaa friji, kwenye kichupa kinachobana. Na zile za kupimiwa kwenye kijiko dukani mimi sinunui kwa ajili ya mvinyo, huwezi kujua ilifunguliwa lini.

Cha tatu kitakuchekesha ila kinatokea: mtu kaenda dukani kaomba hamira kapewa beking pauda. Ile inatoa povu sekunde hiyohiyo ikigusa juisi yenye uchachu, mtu anafurahi, imeanza! Dakika mbili baadae kimya cha milele. Kama povu lako lilikuja papo hapo na likaisha papo hapo, rudi ukasome pakti.

Kwenye kikombe imepanda vizuri, kwenye ndoo imezima

Hapa ndo penye kazi, na ndo ndoo nyingi zinapolala. Hamira ni nzima, umeiona kwa macho, sasa kitu gani kwenye ndoo kinaikaba?

Anza na lebo kama umetumia juisi ya dukani. Geuza boksi au chupa usome viungo. Ukikuta potasiamu sobeti au E202, sodiamu benzoeti au E211, ujue umenunua juisi iliyowekewa dawa makusudi ili hamira isifanye kazi, yani umeitia hamira kwenye kitu kilichotengenezwa kuizuia. Sobeti haiiui, inaizuia kuzaliana, ndo maana unaweza kuona dalili kidogo siku ya kwanza alafu basi. Na kuchemsha hakusaidii. Zile juisi nzito za kuchanganya na maji karibu zote zina mojawapo. Juisi inayofaa ni ile iliyochemshwa tu kiwandani bila vihifadhi, au ukamue mwenyewe matunda na hapo hakuna ubishi.

Salfaiti, kihifadhi kingine kinachotoa gesi ya salfa, ni kesi tofauti. Kama wewe mwenyewe uliweka kidonge cha Campden (ndo salfaiti yenyewe) kusafisha juisi, kawaida kidonge kimoja kwa lita 4.5, lazima usubiri masaa 24 ndo uweke hamira, na chombo kikiwa kimefunikwa kwa kitambaa tu ili ile gesi itoke. Uliweka vyote kwa pamoja? Basi mwaga juisi kwenye ndoo nyingine kwa fujo, rudisha, koroga sana, acha wazi na kitambaa siku nzima, alafu weka hamira mpya. Hii inapona.

Sasa sukari. Watu wanaamini ukitaka mvinyo mkali weka sukari nyingi, kilo mbili kwa lita tano, kilo tatu... Sukari ikizidi inafyonza maji kutoka kwenye hamira, kile kitu kinachofanya jemu isiharibike, na hamira inakunjamana inashindwa kuanza. Hesabu ni hii: karibu gramu 17 za sukari kwa lita zinatoa asilimia 1 ya kilevi. Ukitaka kilevi 12% unahitaji kama gramu 200 kwa lita jumla, yani kilo moja kwa lita tano, na hiyo ni kwa choya ambayo yenyewe haina sukari ya kueleweka. Nanasi lililoiva tayari juisi yake ina gramu kama 120 au 130 kwa lita, kwahiyo unaongeza gramu 80 tu, na kama umezimua nusu kwa nusu na maji basi unaongeza kama 140. Ukivuka 300 jumla unatafuta matatizo, na mtu wa kilo mbili kwa lita tano yuko kwenye 400. Dawa yake ni maji: chemsha, poza, zimua mpaka haidromita isome 1.090 au chini. Huna haidromita, rudi kwenye hesabu ya sukari uliyoweka, utajua uongeze maji kiasi gani. Na kama unataka mkali kweli, anza na nusu ya sukari, nyingine uiongeze baada ya siku nne tano mambo yakiwa yanakwenda.

Uchachu nao. Choya iliyochemshwa nzitonzito, ukwaju, ubuyu, ndimu zilizokamuliwa bila huruma. Hamira inapenda uchachu kiasi, pH (kipimo cha uchachu, namba ikishuka uchachu unapanda) ya 3.2 mpaka 3.6 ndo nzuri, ikishuka chini ya 3 inaanza kuteseka na choya nzito inashuka huko kirahisi tu. Kama huna kipimo, onja: ukionja meno yakafa ganzi hata hamira inasikia hivyohivyo. Zimua na maji, alafu rekebisha sukari maana nayo umeizimua. Wengine wanakimbilia magadi, kweli yanapunguza uchachu ila yanaacha ladha ya ajabu, mimi ningebaki na maji.

Joto. Juisi imetoka friji iko nyuzi 8, hamira imetoka kwenye kikombe iko nyuzi 38, umezikutanisha, hapo sehemu kubwa ya hamira inapigwa na mshtuko inakufa au inazimia. Tofauti isizidi nyuzi 10. Acha juisi ikae nje ipate joto la chumba, na hamira kwenye kikombe iongezee kijiko kijiko cha juisi kila baada ya dakika chache mpaka zikaribiane. Kinyume chake pia kipo, umechemsha choya saa kumi jioni, saa kumi na moja umeweka hamira, ndoo ukiigusa nje iko vuguvugu lakini katikati bado inaunguza. Lita 20 hazipoi kwa saa moja, ziache mpaka kesho zikiwa zimefunikwa.

Na mazingira yenyewe. Mwezi wa sita na wa saba Njombe, Mbeya, Arusha, hata Dodoma usiku, sakafu ya saruji ni friji. Hamira haifi, inalala tu. Inua ndoo kutoka sakafuni weka juu ya ubao, izungushie blanketi, chumba kikirudi nyuzi 20 na kitu utaiona inaamka yenyewe bila hata kuongeza chochote.

Maji ya bomba yenye klorini wengi wanayasingizia. Yanaweza kuchelewesha na kuharibu harufu, ila mara chache yanagomesha ndoo nzima. Chemsha au acha wazi usiku kucha, yaishe.

Ilianza kwa fujo, siku ya pili ya tatu ikanyamaza

Kwanza pima, labda imemaliza. Kwenye joto la Dar mwezi wa kwanza mvinyo mwepesi unaweza kumaliza sehemu kubwa ya sukari ndani ya siku nne. Ukisoma 1.000 au chini hakuna kilichogoma. Ukisoma 1.050 na umenyamaza, hapo ndo pana tatizo.

Kama ni asali au choya au kitu chochote ambacho sukari yake imetoka kwenye mfuko, nashuku njaa kabla ya kitu kingine. Hamira haili sukari peke yake, inahitaji naitrojeni ya kujengea mwili, na asali ya Tabora hata iwe nzuri vipi ina naitrojeni kidogo sana. Wenzetu wa nje wanaweka DAP ya chakula, chumvi yenye naitrojeni. Naomba nieleweke vizuri hapa: DAP ya chakula, sio ile DAP ya mbolea ya kupandia mahindi inayouzwa duka la pembejeo. Jina ni moja, kemikali kuu ni moja, ila ya mbolea haikusafishwa kwa ajili ya tumbo la mtu na inaweza kuwa na madini mazito, usiiweke hata chembe. Mbadala wa nyumbani ni hamira yenyewe: kijiko kimoja cha chai cha hamira ya mkate, chemsha kwenye maji kidogo dakika 10, poza, mimina kwenye lita tano mpaka kumi. Ile iliyokufa inakuwa chakula cha iliyo hai. Zabibu kavu kumi kama wanavyoelekeza wengi zinaongeza ladha, kwenye njaa hazisaidii la maana.

Hewa pia. Mwanzoni kabisa hamira inahitaji oksijeni ili izaliane ikiwa na afya, kwahiyo kabla ya kuweka hamira koroga juisi kwa nguvu au itikise kwenye dumu mpaka itoe povu. Juisi iliyochemshwa imepoteza hewa yake yote. Baada ya siku mbili tatu ndo unaacha kukoroga.

Joto kali ni sababu ya watu wa pwani. Kuchacha kwenyewe kunatoa joto, kwahiyo chumba kikiwa nyuzi 31 katikati ya ndoo kunaweza kuwa 35 au zaidi, inaanza kwa kishindo alafu inaishiwa pumzi na ladha inakuwa ya pombe kali isiyo na tunda. Weka ndoo ndani ya beseni la maji, izungushie taulo lililolowa, geuzia feni huko. Inashusha nyuzi kadhaa na inatosha.

Wa zabibu ambao hawakuweka hamira kabisa wanategemea ile ya kwenye maganda, hii dalili ni yenu hasa. Hamira za porini zilizojaa kwenye ganda zinaanza haraka, na nyingi zinazima kilevi kikifika asilimia 4 au 5, alafu inabidi Saccharomyces chache zilizomo zishike usukani, na zisipokuwepo za kutosha ndoo inasimama katikati. Kienyeji kinafanya kazi, muratina ya Kenya imeanzishwa na tunda la mwegea lililokaushwa miaka na miaka na mnazi hauhitaji hata kuanzishwa, ila hizo ni pombe za kunywa mapema. Mvinyo wa kukaa chupani miezi sita unataka hamira inayojulikana. Na usitumie mnazi kuanzishia mvinyo, unaingiza na bakteria wa siki humohumo.

Inachacha, ila harufu…

Mayai viza: hamira ina njaa au ina joto sana, au zabibu zilikuja na salfa iliyopuliziwa shambani kwa ajili ya ukungu. Lisha, poza, hamisha ndoo kwa kuimimina na hewa kidogo, siku chache inapotea. Harufu ya siki na ile ya dawa ya kutoa rangi ya kucha: hewa imeingia kupita kiasi na bakteria wamewahi kabla ya hamira, ndo hasara ya ndoo kukaa siku nne bila kuanza. Hiyo hairudi. Manyoya ya ukungu juu, ya kijani au meusi, mwaga yote, usikwangue juu ukabakiza chini. Na akitokea mtu wa kukushauri eti iliyogoma ichukue ukaipike itoe gongo, mkatalie, ni kosa kisheria na mtambo wa jikoni umeshaua watu.

Kuamsha ndoo iliyolala

Umeshapata sababu, umeitoa, sasa ndo unarudi kwenye hamira, na bado humwagi pakti juu. Unatengeneza stata, yani hamira unayoiamsha na kuizoesha kidogokidogo nje ya ndoo.

Chukua chupa safi ya lita moja. Weka maji safi mililita 50 ya nyuzi 40, bila sukari, nyunyiza pakti nzima juu yake, usikoroge, acha dakika 15. Koroga taratibu. Ongeza mililita 100 za juisi mpya, sio ya kwenye ndoo, iliyozimuliwa nusu na maji, na kijiko cha sukari. Funika kwa kitambaa, tikisa kila ukipita. Ndani ya saa moja mbili inatakiwa iwe na povu la maana. Hapo ongeza juisi ya kwenye ndoo, kiasi kilekile kilichomo kwenye chupa, basi. Subiri povu lirudi. Likirudi, ongeza tena kiasi sawa na kilichomo, kila mara unazidisha mara mbili, ukiona chupa inajaa hamia kwenye dumu. Hamira inazoea uchachu, sukari na kilevi cha ndoo yako kidogokidogo, badala ya kutupwa humo ghafla. Ukifika robo ya ndoo na bado inachemka, mimina yote, koroga, funika, mpira wako urudi.

Na hii inakupa jibu njiani. Kama povu linarudi kila mara, ndoo imepona. Kama lilikuwa zuri kwenye juisi mpya alafu likafa mara tu ulipoanza kuongeza ya kwenye ndoo, na sukari, uchachu na joto umeshavirekebisha, basi ndani kuna kihifadhi, na hapo usichome pakti nyingine. Mwaga, sugua ndoo kwa maji ya moto, suuza mpaka harufu ya sabuni iishe kabisa, na juisi inayofuata ikamue mwenyewe.